Mshenga na Majani ya Mzabibu

Nilitoka pwani kwenda Dodoma kwa mwendo wa reli inayojengwa. Treni ya umeme sasa huimaliza safari hiyo asubuhi moja, na bado abiria wanalalamika kwamba imechelewa. Mimi ilinichukua miaka. Nilikuwa nakata vitunguu kwenye jiko la kambi ya wajenzi, na kambi ilihama kila reli iliposogea: Soga, Ngerengere, Kilosa, kisha milimani kwenye mahandaki, kisha Gulwe, ambako upepo ulitia mchanga kwenye supu na tukazoea. Kila kambi niliacha kitu nilichopanda. Soga mipapai, Kilosa mihogo, Gulwe maboga. Sikuwahi kula hata kimoja. Kabla ya reli nilikuwa Geita, kabla ya Geita Mpanda, na kabla ya hapo kwetu, ambako nilimaliza kidato cha nne nikamwambia mama natoka mara moja.

Reli ilipoipita Dodoma, Mturuki aliyekuwa mkuu wa jiko la kambi alikataa kwenda nayo. Tulimwita Usta, neno wanaloitana mafundi kwao. Alisema amechoka kupikia watu wanaokula huku wakitazama saa. Akapanga nyumba kando ya barabara ya Miyuji, akajenga tanuri uani, akafungua mgahawa. Mimi akanichukua niwe mhudumu, kwa kuwa nilijua majina ya vyakula na Kituruki cha jikoni. Damari, mwanamke wa Kigogo aliyekuwa akioka mikate kambini Gulwe, akamchukua aoke. Tulikuwa watu watatu, na mmoja wetu hakuwa na mpango wa kukaa.

Huyo Mshenga ninayemwandika hapa aliingia wiki ya kwanza. Jina bila shaka alikuwa nalo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alivaa koti la suti hata mwezi wa kumi, wakati Dodoma nzima inatafuta kivuli, na alibeba mwavuli katika mji ambao mvua huja kama mgeni wa heshima, mara chache na kwa taarifa. Aliagiza chai. Akatazama meza zote moja baada ya nyingine, akauliza ni kabila gani linakula chakula hiki nyumbani. Nikamwambia hapa Dodoma hakuna.

"Hata Wachaga?"

"Hata Wachaga, mzee."

"Basi nitarudi na watu," akasema.

Alirudi nao. Ilinichukua muda kuelewa hesabu yake. Dodoma ya sasa ni mji wa watu waliohamishwa na kazi. Mhasibu wa wizara kule Mtumba anatoka Bukoba, mchumba wake karani anatoka Rombo, na wazee wa pande zote mbili wanapanda basi kuja kukutana katikati ya nchi. Wakikutana nyumbani kwa mmoja, huyo anakuwa mwenyeji na mwenzake mgeni, na mgeni, alivyosema Mshenga, hawezi kudai kitu huku ameshika tonge la mwenye nyumba. Wakienda kwenye nyama choma, litazuka suala la nani apewe kipande gani, na watu wamewahi kuondoka kwa sababu ya ubavu. Lakini kwa Usta hakuna aliyejua kipande kipi ni cha heshima. Wazee wote walikuwa wageni kwa kiwango kimoja. Wote waliuliza hiki ni nini, na mimi niliwajibu wote kwa pamoja.

Wateja wengine walichelewa kutuzoea. Usta alianza kila mlo na vijisahani: biringanya za kuchoma, mtindi mzito wenye vitunguu saumu, nyanya, dengu, na mkate wa Damari ukitoka motoni. Nyama ilifuata baadaye sana. Watumishi wa serikali waliokuja Ijumaa jioni walikula vile vijisahani na mkate mpaka wakashiba, wakaomba maji ya kunawa, wakasema huyu Mturuki ni mtu mzuri ila hana nyama, wakaenda kwenye magari yao. Usta aliwakimbilia barabarani na sinia la kondoo mkononi. Baada ya hapo nilipewa kazi ya kusimama mlangoni na kuwaambia watu kwamba bado.

Mshenga hakuhitaji kuambiwa. Alikipenda kile chakula kwa sababu ya ucheleweshaji wake. Alisema wazee wakikaa mbele ya sinia moja la pilau wanamaliza kula kabla hawajamaliza salamu, na hapo wanabaki wakitazamana. Kwa vijisahani kila dakika kinakuja kitu kipya, na kila kitu kipya kinampa mtu nafasi ya kunyamaza bila aibu. Aliyapanga mazungumzo yake hivyo hivyo.

"Ukweli wote unaletwa mezani," aliniambia. "Ila hauletwi wote kwa pamoja. Ule wa baridi kwanza."

Hakudanganya. Katika kazi hiyo ni jambo la ajabu, kwa hiyo watu wengi walidhani anadanganya.

Utamu, yaani zile keki za karanga na asali ambazo Usta alizipika kama ibada, Mshenga alizipiga marufuku mpaka neno likubaliwe. Na neno kukubaliwa alikujua kwa chai. Kwao Usta, mgeni akimaliza glasi yake ndogo ya chai anaongezewa, akimaliza anaongezewa, mpaka alaze kijiko juu ya glasi. Hapo amesema inatosha. Siku za mwanzo wazee wetu hawakulijua hilo, na kwa adabu walimaliza kila walichowekewa. Mzee mmoja kutoka Singida alikunywa mpaka akaomba kuonyeshwa choo, akarudi, akaikuta glasi imejaa. Mshenga akawa anawafundisha kabla ya kuanza. Kisha wakati wote wa mazungumzo jicho lake lilikuwa kwenye vijiko. Wazee wa pande zote mbili wakilaza, alinikonyeza nilete keki. Upande mmoja ukilaza na mwingine usilaze, alinionyesha birika.

Yeye mwenyewe alikula kidogo, kwa sababu alikuwa ameshakula ugali na mlenda nyumbani kwake. Alisema mtu hapeleki tumbo tupu kazini. Majina ya vyakula hakuyashika. Kulikuwa na ile ya moshi, ile nyeupe, na ile ya kujikunja, yaani majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, ambayo hakuyagusa kamwe. Mtindi ndani ya chakula aliuita kosa, akaumaliza kwa mkate. Siku moja Usta alitoka jikoni mwenyewe kumweleza kondoo juu ya biringanya, chakula cha majumba ya wafalme wao wa zamani, ambacho jina lake maana yake ni Sultani Alikipenda. Nilitafsiri. Mshenga akatafuna, akafikiri.

"Muulize, mke wa Sultani alisemaje?"

Usta alikaa kwenye kiti kwa kucheka. Tangu siku hiyo Mshenga alihudumiwa kabla ya wabunge.

Dini yake hatukuijua. Ijumaa alionekana kwenye lango la msikiti na Jumapili kwenye lango la kanisa, na kila upande ulimhesabu kuwa wake asiyeingia ndani. Ukweli ni kwamba alikuwa anawasubiri wazee watoke. Mezani aliomba dua kwa namna ya walio wengi. Kushindwa pia hakukujua, kwa maelezo yake. Nilimkumbusha familia mbili zilizoondoka kwetu kwa milango tofauti, moja ikipitia jikoni. Akasema wale walikubaliana vizuri sana: walikubaliana kutooana.

Alihubiri kwamba mtu asiyetuma mshenga ni mwizi wa mchana. Hilo niliamini mpaka mkewe alipokuja. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, kutoka Chemba, aliyekaa pembeni ya mumewe na kula kila kitu kilicholetwa, pamoja na ile ya kujikunja. Nikamwambia, kwa kumfurahisha, kwamba bila shaka posa yake ilipelekwa kwa ufundi mkubwa.

"Huyu? Hakutuma mtu," akasema. "Alikuja mwenyewe na baiskeli. Nikapanda."

Mshenga alitazama mwavuli wake. Baadaye, nikiwa naondoa sahani, aliniambia kwamba baba mkwe wake alikaa bila kumsemesha mpaka alipokufa, na kwamba ndiyo maana anaijua kazi hii.

Nami nilikuwa na shida yangu, iliyosimama kila asubuhi mbele ya tanuri ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Tulikuwa tumefahamiana tangu Gulwe. Siku niliyomwambia Damari kwamba namtaka, alikuwa anageuza mkate na hakuacha.

"Usiniambie mimi," akasema. "Katume mtu."

Nilimwendea Mshenga. Alinitazama miguuni.

"Sipeleki posa ya mtu anayelala na viatu."

Sikulala na viatu, lakini mkoba wangu ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango, umefungwa tayari kwa safari, na nadhani Damari alimwambia. Nilimwomba tena baada ya mavuno, na tena vikao vya Bunge vilipokwisha. Mara ya tatu nilikuwa nimeutundua mkoba na kuutia vitunguu. Akauona, akasema Alhamisi.

Hapo pakawa na tatizo la kikazi. Mchumba haruhusiwi kukaa kwenye mazungumzo ya posa yake. Lakini mgahawa ulikuwa na mhudumu mmoja. Mshenga alifikiria kuwapeleka wazee kwingine, akakataa, akisema wataulizana wamehamishwa kwa nini. Basi nikaambiwa nihudumu na nifunge mdomo. Upande wangu hakukuwa na ndugu, kwa hiyo alikaa Usta, amevaa shati jeupe, kwa cheo cha mlezi. Jikoni akabaki Damari peke yake, ambaye naye kwa desturi hakutakiwa kuonekana.

Baba yake alikuja na mdogo wake. Alikuwa mkulima wa zabibu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa hajawahi kuniona. Akasalimia mezani kwa Kigogo, "Mbukwenyi," Usta akaitika kwa Kituruki, wote wakaridhika. Mshenga akawafundisha habari ya vijiko. Kisha akaanza na ukweli wa baridi.

Baba Damari aliuliza kama kijana ana shamba. Hana, akajibu Mshenga. Ng'ombe je? Hana. Kwao ni wapi? Mshenga akapataja, akaongeza kwamba hajarudi huko miaka mingi. Mimi nilikuwa napanga vijisahani na kila jibu nililisikia kwa mgongo. Baada ya hapo akaleta ya uvuguvugu: hanywi, hagombani, anaamka mapema. Baba mdogo akauliza kama huyu Mturuki ndiye baba yake. Akaambiwa ni mlezi. Wakamtazama Usta kwa huruma kidogo.

Ndipo Damari akagonga sahani jikoni, nami nikaenda, nikaleta sinia la majani ya mzabibu. Hayakuwa kwenye mpango nilioambiwa mimi. Alikuwa ameyapika mwenyewe.

Baba yake alichukua moja, akalikunjua, akamwaga wali pembeni. Jani akaliinua kwenye mwanga.

"Haya ni majani ya mzabibu."

"Ndiyo, baba," nikasema, ingawa hakuna aliyemuuliza mhudumu.

"Kwangu yanaliwa na mbuzi."

Baba mdogo aliondoa mkono mezani. Usta akaniuliza kwa lugha yake kumesemwa nini, nikamwambia, akawa mwekundu, kwa kuwa hicho ni chakula cha mama yake. Baba Damari akajifuta vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Nimekuja kuzungumza habari za mtoto wangu," akasema, "naletewa malisho."

Nimewaona watu wakiinuka kwenye ile meza kwa makosa madogo kuliko hilo. Mshenga akavuta sinia. Akachukua jani moja, kile chakula ambacho miaka yote hakukigusa, akalitia mdomoni zima. Alitafuna kwa muda mrefu, na usoni hakuonekana mtu anayefurahi. Akachukua la pili.

"Mzee," akasema alipomaliza, "mbuzi wako nani anamkunjia?"

"Mbuzi hakunjiwi."

"Basi hili limekunjwa. Lilichumwa kwenye mizabibu yako leo asubuhi kwa ruhusa ya mama wa nyumbani kwako, likachemshwa, likakunjwa moja moja kama barua. Aliyelikunja yuko nyuma ya ule mlango, anasikiliza."

Baba Damari aliutazama mlango wa jikoni. Akachukua jani, akala.

"Chumvi imezidi," akasema. Akala lingine. Akaendelea kusema chumvi imezidi mpaka sinia likaisha.

Nilipoleta chai aliuliza kijana mwenyewe yuko wapi siku hiyo. Nilidhani Mshenga atazunguka. Hakuzunguka.

"Ndiye aliyeshika birika."

Wazee wote wawili waligeuka. Baba Damari alinitazama kuanzia kwenye aproni kwenda chini.

"Huyu? Tangu tufike hajakaa."

"Ndiyo shida yake," Mshenga akasema. "Ndiyo maana nimeileta mwisho."

Nikaamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika marahaba bila kuniambia nikae. Akauliza maishani mwangu nimepanda nini. Nikamtajia mipapai, mihogo na maboga, na mahali pake. Akauliza nimevuna nini. Hapo hapakuwa na orodha.

"Nitakupa mstari mmoja shambani kwangu," akasema. "Panda mizabibu. Haizai mwaka wa kwanza, usije ukaniuliza. Siku ya kuvuna nikikuona, tutazungumza. Nisipokuona, tumeshazungumza."

Akasimama, akaaga. Kijiko chake alikiacha kwenye kisahani. Glasi yake ilibaki imejaa, na keki za Usta zikarudi jikoni kama zilivyotoka.

Nilipanda. Kila siku kabla ya kazi nilibeba maji ndoo kwa ndoo, na upepo wa Dodoma ukayakausha nikiwa natazama. Nilimwomba Damari anisaidie siku moja tu.

"Mimi sikanyagi kwenye mstari wako," akasema. "Baba anazijua nyayo zangu."

Mshenga aliendelea kuleta watu wake, lakini kuhusu mizabibu hakuniuliza. Alitazama viatu vyangu. Akiona udongo mwekundu aliagiza supu. Asipouona aliagiza chai tu, akainywa amesimama. Mwaka wa pili rafiki wa kambi alinipigia kutoka upande wa Tabora kwamba jiko linahitaji mtu, na pale napo ardhi ni nzuri. Nilivitoa vitunguu kwenye mkoba. Siku hiyo Mshenga alikuja, akatazama viatu vyangu, akakaa hata bila kuagiza, mpaka nikachoka kutazamwa nikaenda kurudisha vitunguu mkobani.

Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Alianza kuwasalimia watu kwa sauti zao, kisha kwa viti vyao. Aliacha kuleta watu. Alisema mshenga asiyeona sura ya mtu ni mpiga kelele tu. Binti yake aliyeko Morogoro akaagiza wazazi wapelekwe kwake, na ikapangwa waondoke wiki ile ile zabibu zangu zilipoiva.

Hazikuwa nyingi. Ndege walianza kabla yetu, na zilizobaki zilikuwa ndogo kama dengu za Usta. Baba Damari alipofika shambani asubuhi alinikuta nimekaa chini, kati ya mistari, kisu mkononi. Alinitazama nilivyokaa.

"Umekaa," akasema.

Tukavuna. Haikuchukua muda.

Siku ya safari Mshenga alipita mgahawani kuaga, mkewe akimshika mkono wa koti. Baba Damari alikuwa ameshafika, peke yake, ameketi ile meza ya siku ile. Damari alikuwa ameweka zabibu zangu kwenye kisahani cha chai, na nafasi ilibaki. Wazee walizungumza habari za mvua na bei ya mbuzi. Nikamimina chai, nikamimina tena. Kisha nikasikia chuma juu ya glasi.

Mshenga aligeuza sikio. Akanivuta aproni.

"Amelaza?"

"Amelaza, mzee."

"Usinidanganye. Mimi sikukudanganyia."

Akanyoosha mkono juu ya meza polepole, akiiacha chumvi, akiuacha mkate, mpaka kidole kikagusa kijiko cha mwenzake kilicholala juu ya glasi. Akakipapasa kutoka mwisho hadi mwisho. Baba Damari alitulia, akamwacha amalize. Halafu Mshenga akachukua kijiko chake, ambacho miaka yote sikuwahi kumwona akikilaza mbele ya watu, akakilaza. Sikukonyezwa. Damari alikuwa ameshasimama mlangoni na keki.

Niliwasindikiza stesheni. Mkewe alikuwa na tiketi zote mbili kwenye kanga, naye alimwongoza kupita walinzi na zile ngazi zinazotembea zenyewe kana kwamba amezaliwa huko.

"Safari hii nimemchukua mimi," akaniambia.

Alipomkalisha dirishani nilibaki kwenye jukwaa. Reli ile ile niliyoifuata miaka yote ilikuwa mbele yangu, ikirudi kule nilikotoka, kupitia mipapai ya watu. Mshenga hakuweza kuniona, lakini alijua nimesimama wapi. Alikuwa ameniambia kabla hajapanda, akitafuta bega langu na mpini wa mwavuli.

"Usipunge mkono. Anayepunga anadhani na yeye anaondoka."

Treni ikaondoka bila kelele, kama zinavyoondoka hizi za umeme. Mikono niliiweka mifukoni. Kisha nikarudi Miyuji, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na watu wa Mtumba walikuwa wanakuja, na ilibidi mtu asimame mlangoni kuwaambia kwamba bado.